Mlima Meru na ardhi inayouzunguka: nani mdhamini, nani mlipaji?

Mwamini anayetoka kanisani baada ya Misa ya kwanza ya Dominika jijini Arusha, mawingu yakiwa bado hayajapanda, huuona Mlima Meru wote: msitu chini, miamba juu, na kilele chenye urefu wa mita 4,566 kutoka usawa wa bahari. Hakuna anayemtoza kiingilio kwa kuutazama. Mkulima wa Nkoaranga, mama muuza ndizi wa Tengeru, kijana wa bodaboda wa Ngarenaro na mtalii aliyelala katika hoteli ya gharama kubwa wanauona mlima uleule. Huo ni utajiri wa wote, na kwa kuwa ni wa wote, ni rahisi kudhani kwamba hakuna anayepaswa kuulinda.

Kilele chenyewe kiko salama. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 ikiwa hifadhi ndogo ya Kreta ya Ngurdoto, ilipanuliwa hatua kwa hatua hadi kuuingiza mlima, na mwaka 2005 Msitu wa Hifadhi wa Mlima Meru nao ukawekwa chini yake. Tatizo liko kati ya mpaka wa msitu na mlango wa kanisa. Hapo kuna mashamba ya kahawa yaliyogeuka viwanja, migomba iliyokatwa kupisha fremu za maduka, vilima vinavyochimbwa moramu, na kingo za mito ambako nyumba zinasogelea maji mwaka hadi mwaka. Apitaye barabara ya mchepuko kutoka Usa River hadi Kisongo atakutana na mabango ya viwanja vinavyouzwa, moja baada ya jingine, kama mtu anayesali Litania. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 ndani ya jiji. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 617,631. Watu hawa wanahitaji mahali pa kulala, na makala hii haiandikwi ili kuwalaumu.

Inaandikwa ili kuuliza jambo moja. Ardhi yenye uzuri wa asili ikilindwa isijengwe wala isilimwe, kuna mtu anayeacha faida yake ili wengine wote wapate. Je, mtu huyo anaulizwa? Na je, analipwa? Historia ya Meru inaonyesha kwamba maswali haya mawili ndiyo yanayoamua kama ulinzi wa ardhi utakuwa haki au utakuwa unyang'anyi uliovaa nguo safi.

Katika nchi nyingine umekuwepo kwa muda mrefu utaratibu wa dhamana ya ardhi. Huko Massachusetts, Marekani, chombo cha kwanza cha namna hiyo kilianzishwa mwaka 1891. Nchini Uingereza, National Trust ikafuata mwaka 1895. Utaratibu wake ni mwepisi kueleza. Wananchi wanachanga, serikali nayo mara nyingi inaongeza fungu, kisha chombo chenye wadhamini kinanunua kilima, ufuko au bonde na kulishika kwa ajili ya umma, pasipo ruhusa ya kuliuza. Kuna pia njia ya pili, nafuu zaidi: mwenye shamba anabaki na shamba lake, analima na kulirithisha, lakini kwa mkataba anauza au kutoa sadaka ile haki moja tu ya kujenga juu yake. Atakayelinunua shamba hilo baadaye atafungwa na mkataba uleule.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba jambo hili ni geni kwao. Viwanja vya makanisa, shule na zahanati za Jimbo haviandikwi kwa jina la Askofu wala la Paroko. Vinashikwa na Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa, ili padre ahamishwe, askofu astaafu, lakini mali ya Kanisa ibaki. Tena, sheria za nchi yetu zimejengwa juu ya wazo hilohilo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, nayo imewekwa mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Mwenzake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, inaiagiza halmashauri ya kijiji isimamie ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali ya mwingine. Kisheria, basi, Tanzania nzima ni dhamana moja kubwa ya ardhi. Kinachopungua si wazo.

Hata hivyo, hapa kwetu kuna tofauti inayostahili kueleweka. Mtanzania hanunui ardhi moja kwa moja kama Mwingereza. Anapewa haki ya kuimiliki kwa muda, pengine miaka 33, 66 au 99, na haki hiyo ina masharti. Moja ya masharti hayo ni kuiendeleza ardhi kadiri ya matumizi yaliyoandikwa katika hati. Mtu au taasisi inayoacha miti isimame katika eneo lililopimwa kwa ajili ya makazi inaweza kuonekana kuwa mmiliki mzembe aliyeshindwa kuendeleza kiwanja chake, na hati ikafutwa. Ndiyo maana anayetaka kulinda kilima au bonde hapa kwetu hana budi kuanza na mpango wa matumizi ya ardhi: uhifadhi uandikwe kuwa ndiyo matumizi halali ya eneo hilo. Bila maandishi hayo, nia njema haina pa kusimama.

Tugeukie sasa historia, kwa kuwa huko Meru neno "mpango wa ardhi" lina kumbukumbu chungu. Mwaka 1947 ilitangazwa taarifa ya Jaji Mark Wilson, aliyetumwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mgawanyo wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa hiyo ilipendekeza mashamba ya walowezi yaunganishwe yawe eneo moja lisilokatizwa na makazi ya Waafrika. Katika ramani, Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ilionekana kama kiraka kilichokosewa rangi. Kwa Wameru palikuwa nyumbani, na sehemu ya ardhi hiyo walikuwa wameinunua wenyewe kutoka kwa walowezi. Mwezi Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikapotea, na wakaelekezwa Kingori. Mwaka uliofuata, kijana wao Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa mjini New York kuieleza dunia kilichotokea. Anatajwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kuzungumza mbele ya Umoja huo.

Tendo lile halikufanywa kwa jina la uhifadhi. Lilifanywa kwa jina la maendeleo ya ufugaji. Lakini mzee wa Meru anayesikia leo kwamba eneo fulani "limetengwa kwa manufaa ya taifa" hafanyi utafiti wa maneno. Anakumbuka moshi. Na wale wanaomcheka kwa kuwa na hofu iliyopitwa na wakati watazame Loliondo, katika mkoa wetu huuhuu, ambako mwaka 2022 kuwekwa kwa alama za mpaka kuzunguka eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,500 kulizua mapambano na machozi. Maandiko Matakatifu yanamjua Nabothi, aliyekataa kumpa Mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Mara nyingi tunasahau kwamba Ahabu alianza kwa kumwahidi fidia, tena shamba bora kuliko lile. Kosa halikuwa udogo wa bei. Kosa lilikuwa kwamba neno "hapana" la Nabothi halikuhesabiwa kuwa jibu.

Tukiwa na kumbukumbu hiyo, tunaweza kuitazama mifano miwili ya karibu, ambayo wengi wetu tumepita kando yake tukiwa ndani ya basi bila kujua.

Mfano wa kwanza ni Ranchi ya Manyara, wilayani Monduli, yenye takriban hekta 18,000 katika ushoroba wa Kwakuchinja, mahali ambapo wanyama hupita kati ya Hifadhi ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Ilikuwa ranchi ya serikali. Serikali ilipokuwa ikibinafsisha mashirika yake, wanavijiji wa Esilalei na Oltukai walitumaini kwamba malisho hayo yatarudi kwao. Badala yake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hati ilitolewa kwa chombo cha dhamana kilichoundwa kwa msukumo wa shirika la African Wildlife Foundation, chenye bodi iliyojumuisha wawakilishi wa vijiji. Yapo mema yaliyopatikana: ranchi haikukatwa viwanja, tembo wanapita, na shule ya msingi iliyokuwa katikati ya njia ya wanyama ilijengwa upya mahali pengine. Lakini manung'uniko hayakuisha. Wafugaji waliona kwamba wana viti katika bodi lakini hawana sauti juu ya majani, na miaka ya baadaye ranchi ikarejeshwa chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Monduli kwa niaba ya wananchi. Kwa maoni ya mwandishi, dhamana ile ilikuwa na nia njema, ila iliwapa walengwa nafasi ya wageni waalikwa katika nyumba waliyoihesabu kuwa yao.

Mfano wa pili ni mdogo na haukupata sifa nyingi. Katika kijiji cha Terrat, wilayani Simanjiro, nyumbu na pundamilia wa Tarangire huja kunyonyesha na kulisha watoto wao wakati wa masika. Kilimo kilikuwa kinakula tambarare hizo, na wanakijiji walikuwa wamewahi kuyakataa mapendekezo ya uhifadhi kwa hofu ya kunyang'anywa ardhi. Mwaka 2005 makampuni kadhaa ya utalii, yakishirikiana na mashirika ya uhifadhi, yalikuja na ombi dogo kuliko yote yaliyotangulia: kijiji kibaki na ardhi yake, ng'ombe waendelee kulisha, ila sehemu ile ya tambarare isilimwe wala isijengwe nyumba za kudumu. Kwa kuahidi hivyo, kijiji kingelipwa kila mwaka takriban shilingi milioni 5. Kijiji kilikubali, na baadaye vijiji jirani vikaomba mkataba kama huo.

Mwenye kujua bei ya ekari moja atasema shilingi milioni 5 kwa kijiji kizima ni senti za sadaka. Ni kweli, na hapo ndipo penye funzo. Wana-Terrat hawakununuliwa. Waliombwa jambo ambalo lilipatana na maisha yao ya ufugaji, wakahakikishiwa hati, na fedha ikaja juu yake kama heshima. Njia ya namna hiyo imeendelea kukua kaskazini mwa nchi kwa msaada wa hati za kimila za pamoja, ambazo hutolewa kwa kundi zima la watu. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata ya kwao mwaka 2011.

Hata hivyo, mkataba wa Terrat una udhaifu ambao Arusha yote iliuhisi mwaka 2020. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga viwanja vya ndege, fedha za watalii zilikauka ghafla, na kila ulinzi uliotegemea mfuko wa mgeni ukatetemeka. Isitoshe, mtalii hulipia tembo. Je, nani atalipia Kilima cha Suye, ambacho hakina tembo hata mmoja?

Swali hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wakazi wa jiji. Ndani na kando ya Arusha tuna maeneo madogo ambayo hayatawahi kuingia katika vipeperushi vya safari: vilima vya Suye na Themi, kingo za mito inayoshuka kutoka Meru kwenda kuungana na Kikuletwa, mabaki ya mikuyu mikubwa ambayo wazee waliiheshimu. Kuna Ziwa Duluti pale Tengeru, ziwa dogo la kreta lenye msitu wake wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Karibu na hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliishi wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wao Wakatoliki, na makaburi yao yapo hadi leo. Watu waliopoteza kila kitu walipewa mahali penye maji, miti na mlima wa kutazama. Si jambo dogo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume "Laudato si'" wa mwaka 2015, aligusa hasa jambo hili. Alionya kwamba katika miji mingi maeneo mazuri yanafungwa na watu binafsi hata wananchi wa kawaida wasiweze kuyafikia, na kwamba bustani zilizotunzwa hupatikana katika mitaa ya wenye nacho, wakati wale wanaohesabiwa kuwa si kitu wanaishi mahali pasipo na kijani. Mwenye kulifahamu jiji letu hahitaji kufafanuliwa. Kuna vitongoji ambako kila nyumba ina bustani na ua wa michongoma, na kuna mitaa ambako watoto hucheza juu ya daraja kwa kuwa ndiyo nafasi pekee iliyobaki wazi. Kwa mtoto wa mtaa huo, kilima cha umma ni shamba la baba yake. Kikiuzwa, yeye ndiye aliyerithishwa utupu. Na kikichimbwa ovyo, hali huwa mbaya zaidi: mwaka 2013, katika machimbo ya moramu ya Moshono, kifusi kiliwafukia wachimbaji waliokuwa wakitafuta riziki ya siku.

Sheria za kulinda maeneo haya zipo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Jiji lina Mpango Kabambe wa mwaka 2015 hadi 2035. Kinachokosekana ni fedha ya kumlipa mtu anayeambiwa asogee, na fedha ya mlinzi, mpimaji na mche. Mjane aliyenunua kiwanja kando ya mto miaka ishirini iliyopita, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kwa mhuri wa serikali, hawezi kuamriwa aondoke mikono mitupu eti kwa ajili ya mandhari. Ahadi ya uzuri wa jiji isigharamiwe na yule asiye na kitu.

Fedha ya umma inaweza kutoka wapi? Kwanza, tukubali kwamba serikali inapoamua, fedha hupatikana. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha uligharimu shilingi bilioni 520, na sehemu ya maji hayo inachotwa kwenye visima vya wilaya ya Hai, mkoa jirani. Jiji lililojengwa chini ya mlima wenye chemchemi limelazimika kwenda kuomba maji kwa jirani. Sababu ni nyingi, madini ya floridi yakiwemo, lakini jambo lenyewe linapaswa kutufikirisha. Bomba limepata fungu la bajeti. Msitu na kingo zinazohifadhi chemchemi zilizobaki husubiri siku ya kupanda miti, ambapo viongozi hupiga picha na mbuzi huja jioni.

Pili, mabadiliko ya sheria ya fedha ya mwaka 2020 yaliamua kwamba mapato ya Hifadhi za Taifa yakusanywe na Mamlaka ya Mapato na kuingizwa katika Mfuko Mkuu wa serikali. Yapo maoni tofauti juu ya uamuzi huo, lakini una tokeo moja ambalo mwananchi anaweza kulitumia: kiingilio cha mlima kimekuwa sehemu ya bajeti inayojadiliwa Bungeni. Mbunge wa Arumeru anaweza kuuliza ni kiasi gani kinachorudi kwa vijiji vinavyopakana na msitu, ambavyo nyani na tembo huvila mazao yake. Tatu, kuna Mfuko wa Misitu Tanzania, unaopokea maombi ya vikundi na vijiji. Vigango vyetu vingapi vimewahi kuomba?

Nne, na hili ndilo mwandishi analiona kuwa karibu zaidi na uwezo wetu, sheria tayari inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kama mkono wa sheria unaweza kutenga asilimia kumi kwa jambo hilo jema, si ndoto kuiomba Halmashauri ya Jiji, ya Arusha na ya Meru kila moja itenge hata asilimia moja ya mapato yake, iwekwe katika mfuko wenye wadhamini wanaojulikana kwa majina, kwa ajili ya kuwalipa fidia walio kandokando ya mito, kupima vilima na kuviandikia hati ya matumizi ya hifadhi. Wadhamini hao wachaguliwe wakiwamo wenyeviti wa mitaa inayohusika, na mahesabu yabandikwe ukutani. Ranchi ya Manyara ilitufundisha kwamba kiti bila sauti hakitoshi.

Kanisa nalo ni mmiliki wa ardhi, na halina budi kuanza nyumbani kwake. Parokia nyingi za Jimbo Kuu letu zilipewa viwanja vikubwa enzi ambazo jiji lilikuwa mji mdogo, na leo ardhi hiyo ina thamani inayovutia macho. Shinikizo la kuweka fremu za maduka kando ya uzio ni kubwa, na haja za parokia ni za kweli; anayesimamia ujenzi wa kanisa anajua bei ya saruji. Lakini Halmashauri ya Walei ya parokia yoyote inaweza kuketi na kuamua kwamba sehemu fulani ya kiwanja, yenye miti iliyopandwa na wamisionari au na wazee wetu, itabaki wazi kwa wote, kisha ikaiomba Bodi ya Wadhamini iandike uamuzi huo katika kumbukumbu zake rasmi. Uamuzi wa namna hiyo hautamgharimu mwamini hata shilingi moja ya mchango mpya, na utatupatia haki ya kuzungumza mbele ya diwani bila kuona haya.

Kwa upande wa serikali, mapendekezo ya bajeti ya mwaka wa fedha huanzia katika mikutano ya mtaa na kijiji, kisha hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani, miezi kadhaa kabla ya Bunge kuketi Dodoma. Mikutano hiyo iko wazi, na mara nyingi mahudhurio yake ni hafifu. Wanajumuiya wa Kijenge, Moshono, Tengeru na Usa River wanaoishi karibu na mito na vilima waulize kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji tarehe ya mkutano unaofuata, na wafike na ombi lililoandikwa: jina la kilima au mto, ukubwa wake, nani anayeishi hapo, na ni fidia gani itakayohitajika.